Sintetiki au oili ya kawaida kwa Fuso ya mtumba?

Salaam mkuu. Kama nimekuelewa, Fuso yako imeshatembea sana, inapiga Dar–Mbeya na mzigo, fundi mmoja anataka uweke sintetiki, mwingine hataki kusikia.

Kwanza geuza kidumu usome nyuma. Kwa dizeli tafuta herufi za API (taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya oili) zinazoanza na C, kama CI-4 au CK-4. Kilichoandikwa SN peke yake ni cha petroli, kiache hata kama ni sintetiki ya bei mbaya. Gari ikiwa na DPF, lile chujio la masizi kwenye ekzosi, usishuke chini ya CJ-4, yaani CI-4 haitoshi.

Halafu lala chini ya gari uangalie uvujaji. Mimi nilitia sintetiki kwenye Isuzu iliyokuwa inadondosha oili kidogo kwenye sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke). Tone likawa kidimbwi. Hela yangu nikaiona hivi hivi imelala kwenye mchanga! Nilirudi kwenye oili ya kawaida ya 15W-40 (namba za uzito wa oili), nabadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta, na injini haijanisumbua.

Sintetiki ina raha yake: asubuhi ya baridi kule Makambako inapanda juu ya injini upesi, na inavumilia joto la tabo (turbo). Ila masizi na vumbi haiviondoi, kwa hiyo usirefushe kilomita kwa sababu tu umelipa zaidi.

Kwa Fuso inayovuja, ningeanza na sili.