Jibu: Siku mbili Mji Mkongwe bila viingilio

Mkuu, umeuliza kama siku mbili Unguja zinatosha kutembea bila kulipia kila kitu. Zinatosha, tena Mji Mkongwe wenyewe ni burudani tosha.

Anza asubuhi na vichochoro, jua halijawa kali. Tazama milango: yenye tao juu ni ya Kihindi, ya Kiarabu huwa imenyooka juu na nakshi tele. Vile vifundo vya shaba vya milangoni navyo asili yake ni India. Ukipotea usihangaike, kichochoro chochote mwishowe kitakutoa baharini au barabarani. Wale watakaojitolea kukuonyesha njia watataka chochote, kwa hiyo kataa mapema, kwa adabu.

Darajani nenda hata kama hununui. Soko lile lipo tangu 1904, na upande wa samaki wana maneno matamu kuliko wanasiasa. Ngome Kongwe uwanjani huingia bure. Jaws Corner, kijiwe cha kahawa, keti barazani, kunywa kahawa chungu ya bei ndogo, usikilize siasa na mpira.

Jioni ni Forodhani, bustani ya ufukweni. Vijana wanavyojirusha baharini kwa sarakasi utawatazama bure. Chakula ndicho cha kulipia, uliza bei kabla hujaonja.

Ukiwa na hela ya kiingilio kimoja tu, itoe pale kanisa la Anglikana, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, itazame kwa nje, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Ah, na mavazi: funika mabega na magoti, ule ni mji wa watu.