Pasi, chumvi na filta ya dizeli: kwa utingo anayeanza njia ya Kongo

Safari yangu ya kwanza ya Lubumbashi nilipanda gari na begi la mtu anayekwenda harusini: suruali tano, viatu vya ngozi na pasi. Pasi hiyo ilikwenda Kongo ikarudi Dar bila kuchomekwa popote. Kandambili, tochi na dumu la maji sikuwa navyo, na hivyo vitatu nikawa naviomba kwa watu tangu Chalinze. Dereva wangu hakunisema. Alisubiri tukafika Makambako, baridi inauma, ndipo akaniuliza kama ninaweza kumpigia pasi shati lake.

Wewe unayeanza, jua kwamba hupandi gari, unahamia. Dar hadi Tunduma, mpakani, ni zaidi ya kilomita 900, na hapo Zambia bado: Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, ndipo Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Nimewahi kukaa siku tisa kwenye foleni ya mpaka, asubuhi nzima tunasogea urefu wa gari moja. Siku zote hizo mnaishi wawili katika chumba ambacho hamwezi kusimama kwa pamoja, kitanda nyuma ya siti na sufuria miguuni. Kwa hiyo vua viatu mlangoni. Osha vyombo usiku uleule, maana panya wa maegesho hawana aibu. Na mwenzako akilala mchana mwache alale, hata kama una hadithi tamu.

Pika nje, kwenye sanduku la ubavuni mwa tela. Mtungi mdogo wa gesi unatosha. Lakini usije ukaingiza jiko ndani kwa ajili ya baridi, la mkaa ndiyo kabisa. Sumu yake haionekani wala hainuki, na kabini ikishafungwa haina pa kutokea. Watu wamelala hivyo wasiamke.

Saa nazo zitakuchezea. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na ukiwa Tunduma simu hushika mtandao wa Nakonde, upande wa Zambia, bila kukuomba ruhusa. Wakala wa forodha aliniambia tukutane saa mbili asubuhi. Nikafika saa mbili kamili, nimejipongeza, kumbe kwa saa za kwetu ni saa tatu na karatasi zetu zimerudi chini ya rundo. Tulilala hapohapo.

Sasa gari lenyewe. Asubuhi, kabla hata ya chai, lizunguke ukiwa kimya. Vuta vali chini ya kila mtungi wa upepo umwage maji yaliyojikusanya, maana maji hayo ndiyo yanayoozesha mfumo wa breki. Chukua nyundo ugonge tairi moja moja. Lililojaa linakurudishia nyundo, lililoishiwa linaimeza, na kwenye tairi pacha la ndani macho hayakusaidii, ni nyundo tu. Angalia nati: ukiona mchirizi wa kutu umeanzia kwenye nati kama chozi, hiyo imelegea. Halafu washa, upepo ujae, zima, tega sikio. Mlio wa "ssss" mdogo kama nyoka ni mpira wa upepo unaovuja. Kuufunga kwa utepe wa tyubu ni kujidanganya. Kata kipande kibovu, unganisha kwa kiungio. Viungio havizidi ukubwa wa kidole, weka vinne kwenye kopo la maziwa.

Kitonga, ule mlima wa Iringa, sitaisema sana, kila dereva atakupa hotuba yake. Ni hili tu: wakati wa kurudi na shaba, gia ndogo inaingia kabla ya mteremko kuanza. Ukishaanza kunusa breki zinaungua, umechelewa.

Kosa langu kubwa lilikuwa la tamaa. Kuna mahali tuliuziwa dizeli ya madumu, bei ya kutupwa, na mimi ndiye niliyemshawishi dereva. Katikati ya Mpika na Serenje, usiku, gari likaanza kukohoa kwenye mlima, likapoteza nguvu, likazima. Tukakata matawi tukayapanga barabarani mbele na nyuma, pamoja na pembetatu, kisha nikafungua filta. Ilitoka na uchafu mweusi mzito kama uji ulioungua. Filta ya akiba? Nilikuwa na pasi.

Magari mawili yalipita. La tatu likasimama, semi lenye namba za Tanzania, akashuka mtu wa makamo amejifunga shuka. Hakuuliza maswali mengi. Akaleta filta, akanifanya niijaze dizeli safi kwanza kabla ya kuifunga, akalegeza bolti ya kutolea hewa, akaniambia nipige pampu ya mkono. Nikapiga. Likatoka povu. Nikaendelea hadi kiganja kikawaka moto, povu likapungua, mara dizeli ikatoka imenyooka bila hata tone la hewa. "Funga sasa." Likawaka kwa selfu ya pili.

Tulitaka kumlipa. Akasema pesa atazifanyia nini porini saa nane ya usiku, ila chumvi imewaishia tangu juzi na wana nyama. Tukampa pakiti nzima na pilipili mbuzi. Tangu siku hiyo hanijui kwa jina lingine. Nikiwa Nakonde nikasikia mtu anapaza sauti "Chumvi!" katikati ya magari mia, najua ni nani, na najua chakula kipo.

Urafiki wa njia hii ndivyo ulivyo, wa vitu vidogo. Kasumbalesa nina fundi tairi Mkongo ambaye tulianza kwa kubishana bei. Yeye anasema mayi, mimi nasema maji, ugali kwake ni bukari. Siku ya pili nilikaa naye nikamshikia jeki bila kuombwa, na bei ikashuka yenyewe. Ndiye aliyenikumbusha, mara ya kwanza nimepewa usukani upande wa Kongo, kwamba kule wanaendesha kulia. Nilikuwa nimeshatoa indiketa ya kurudi kushoto.

Kwa hiyo kwenye begi: nguo za kubadili mara tatu, kandambili, tochi, dumu la maji, viungio vya upepo, filta mbili za dizeli. Na chumvi.