Mjusi wa miguu mifupi wa Bukavu: ni Brachymeles au siyo?

Swali: Jambo Mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Bukavu. Wanafunzi wangu wameniletea mjusi mdogo waliyemfukua chini ya majani makavu katika shamba la migomba, upande wa Kavumu. Mwili wake ni mrefu na unang'aa, miguu ni midogo mno, na mkono una vidole vitatu tu. Wengine wanasema ni nyoka mwenye sumu. Kwenye intaneti nimesoma kwamba jenasi ya mijusi wa miguu mifupi ni Brachymeles, lakini kitabu kimoja cha zamani katika maktaba yetu kinamwita mjusi wa aina hii Panaspis. Niandike jina gani kwenye chupa?

Jibu: Jambo Mwalimu. Andika Leptosiaphos, jenasi ya mijusi wadogo wa Afrika. Brachymeles mwache kabisa: jenasi hiyo ni ya Ufilipino, yenye spishi zaidi ya 40, na karibu zote haziishi kwingine. Wataalamu wa Kifaransa Duméril na Bibron waliipa jina mwaka 1839. Haina mwakilishi hata mmoja Afrika.

Kwanza tuwatoe watoto hofu. Huyo ni skinki, yaani mjusi wa familia ya Scincidae, na hakuna skinki mwenye sumu. Waonyeshe kope zinazofumba na tundu la sikio nyuma ya taya. Nyoka hana kimojawapo. Na wakimshika mkia utakatika, kwa hiyo wamshike kiwiliwili.

Sasa tuje kwenye uainishaji, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ufupi wa miguu si alama ya undugu. Skinki anayeishi kwa kupenya kwenye majani yaliyooza na udongo laini hujisukuma kwa kupindapinda mwili, na miguu mirefu ingemkwaza tu. Vizazi kwa vizazi kiwiliwili hurefuka, pingili za uti wa mgongo huongezeka, vidole hupungua. Hayo yametokea mara nyingi, katika koo zisizohusiana kwa karibu. Brachymeles yumo katika nusufamilia ya Scincinae, na Leptosiaphos katika Eugongylinae. Ukishuka Katanga utamkuta Eumecia anchietae, mrefu kama nyoka na mwenye vimiguu vya kuonewa huruma. Huyo ni wa Mabuyinae, yaani ndugu wa karibu wa Trachylepis, wale skinki wenye miguu mizima tunaowaona wakiota jua kwenye kuta. Kwa kuwatazama tu, nani angewaweka Eumecia na Trachylepis nyumba moja?

Hata ndani ya jenasi moja vidole vinadanganya. Kati ya Leptosiaphos wa milima yetu, graueri ana vidole vitano, hackarsi wa Virunga vinne, blochmanni vitatu. (Hackarsi alielezwa mwaka 1941 na Mbelgiji Gaston-François de Witte, aliyekusanya wanyama katika Mbuga ya Albert, Virunga ya leo, kuanzia 1933 hadi 1935.) Brachymeles wamezidi: wapo wenye vidole vitano na wapo wasio na mguu wowote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 unadai kwamba mababu wao walipoteza miguu miaka takriban milioni 62 iliyopita, na baadhi ya vizazi vyao wakairudisha miaka kama milioni 21 iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa ya mvua zaidi. Si kila mtaalamu anakubali kwamba kiungo kilichopotea kinaweza kurudi. Mimi naona hoja yao ina nguvu, kwa sababu mti wa undugu ulijengwa kwa DNA, haukujengwa kwa miguu yenyewe.

Kitabu chako cha zamani hakikukosea kwa wakati wake. Karl Schmidt aliunda jenasi Leptosiaphos mwaka 1943, lakini baadaye wataalamu waliwakusanya skinki wengi wadogo wa Afrika chini ya jina Panaspis, hawa wakiwamo. Mwaka 1989 Donald Broadley aliligawa tena fungu hilo na kuirudisha Leptosiaphos. Hivyo ukikuta "Panaspis blochmanni" na "Leptosiaphos blochmanni", ni mnyama yuleyule.

Kwa vidole vitatu, wa kwanza kumfikiria ni huyo blochmanni, anayejulikana hapa Kivu. Lakini usiandike jina la spishi kabla ya kuhesabu. Chukua lenzi, hesabu vidole vya mbele na vya nyuma, pande zote mbili, maana kidole kimoja huweza kuwa kimekatika. Hesabu safu za magamba kuzunguka katikati ya mwili. Pima kutoka ncha ya pua hadi kwenye tundu la kutolea uchafu, kisha mkia peke yake, na useme kama ni mzima au umeota upya. Halafu umpeleke kwenye kituo cha utafiti cha Lwiro wakamlinganishe na vielelezo vyao. Si mbali na Kavumu.

Ndani ya chupa tia alkoli ya asilimia 70 na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: mahali, kimo cha mahali hapo kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la aliyemwokota. Usitumie biki. Wino wake huyeyuka kwenye alkoli, na mjusi asiyejulikana alikotoka hamfai mtafiti yeyote.