Baga za maharagwe zinazovunjika: shida ni maji, si unga

Dada wa Tororo, umeuliza kwa nini baga zako za maharagwe zinasambaratika kwenye kikaango, na kila ukiongeza unga zinageuka ugali. Nilipita hapo hapo. Hapa Busia nilianza kuzipika baada ya binti yangu kukataa nyama, tangu siku alipochinjwa mbuzi aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake. Sikutaka akae pembeni na sahani ya wali wenzake wakiwa wameshika baga.

Maharagwe yakitoka kwenye sufuria yamejaa maji hadi ndani. Ukiyaponda hivyo unapata rojo, na unga wote unaotia kazi yake inakuwa kunywa maji tu. Ladha inapotea, na baga bado haishiki. Kwa hiyo yakaushe kwanza.

Natumia nambale, yale makubwa yenye madoadoa mekundu. Nayaloweka usiku, namwaga maji, nachemsha kwa maji mapya hadi yaive bila kurojeka. Tafadhali usifanye kama bajia za kunde, kusaga yakiwa yamelowekwa tu! Maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya kutapisha na kuharisha, nayo huondoka kwa kutokota sawasawa, si chini ya dakika 10. Kukaanga juu juu hakutoshi.

Yakishaiva nayachuja, nayatandaza kwenye kikaango kikavu, sigiri ikiwa na mkaa kidogo, nayageuza dakika kama 10. Utaona maganda yanapasuka na kujikunja, na mwiko unaanza kukwaruza badala ya kunata. Hapo epua. Ponda kwa mchi, lakini usisage: bakisha vipande, ndivyo vinavyompa mtu kitu cha kutafuna.

Uyoga nao una maji mengi mno, karibu asilimia 90. Ukate mdogo mdogo, utie chumvi, ukaange bila mafuta mpaka ulie maji yote na yakauke, ndipo utie mafuta, kitunguu na kitunguu saumu. Ule weusi unaoshika chini ya kikaango ukwangue wote uingie ndani, maana ladha nzito tunayoitafuta kwenye nyama iko pale.

Vipimo vyangu: vikombe 3 vya maharagwe yaliyoiva, kikombe 1 cha uyoga, vijiko 4 vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa, bizari nyembamba, pilipili manga, na vijiko 3 tu vya unga wa muhogo. Zinatoka saba hivi, unene wa kidole. Karanga usiziache, kwa sababu maharagwe yana mafuta kidogo mno, na baga isiyo na mafuta ndani hukwama kooni.

Kuhusu unga wa muhogo: unashika ukishapata moto, kisha unakaza zaidi ukipoa. Zile baga za viwandani za Marekani, kama Beyond Burger, zina kishikizi chenye tabia nyingine, kinachoganda kwenye moto na kulegea kikipoa. Hiki chetu kinataka subira. Weka baga kwenye mafuta ya moto wa wastani, usiiguse dakika 4 au 5, igeuze mara moja tu. Ukiitoa, iache ipumzike dakika 5 kabla ya kuishika. Nilikuwa nazihukumu zikiwa za moto, nikidhani zimeharibika, kumbe hazijakaza.

Ukiweza, zitengeneze asubuhi uzikaange jioni; zikilala kwenye friji kidogo zinatulia.

Skonzi ikate, uichome upande wa ndani kwenye kikaango kikavu, upake parachichi lililopondwa na ndimu. Nyanya iwe juu ya baga, isiguse mkate wa chini, la sivyo utalowana kabla mtoto hajafika katikati.