Degedege likiingia mapokezi: kwenu mnaoanza zamu za watoto

Mtoto akiletwa mbio anakakamaa, mkono wako utakimbilia bomba la sindano. Uzuie. Tazama saa kwanza, mlaze ubavu, safisha mdomo, weka oksijeni, toboa kidole upime sukari. Degedege nyingi hukoma zenyewe kabla ya dakika 5, na sukari ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, kinachotakiwa ni dekstrozi (maji ya sukari ya mshipani) ya asilimia 10: mililita 5 kwa kilo, kichanga mililita 2. Diazepamu, dawa ya kukomesha degedege, haitibu njaa ya ubongo.

Dakika 5 zikipita, au amefika bado anaendelea, mpe diazepamu ya mshipani, miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo, polepole. Mshipa usipoonekana (na mkono wa mtoto mnene wa mwaka mmoja utakuaibisha mbele ya watu), usiuchimbe. Pitisha njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo. Msulini usichome.

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa: kuhesabu dozi. Mtoto wa Mbagala huenda amechomwa zahanati, akarudiwa kituo cha afya, kisha akakufikia wewe hospitali ya Temeke. Barua ya rufaa isome yote, halafu muulize na mama, maana barua husahau. Diazepamu ni mbili jumla, kokote zilikotolewa. Ya tatu huelekea kusimamisha pumzi kuliko kukomesha degedege. Baada ya mbili ingia fenobabitali miligramu 20 kwa kilo, kwa dakika 20 hivi, au fenitoini kiasi hichohicho, ndani ya salaini tu, kwa sababu kwenye dekstrozi huganda, na isizidi miligramu 1 kwa kilo kwa dakika huku ukifuatilia moyo. Ambu (mfuko wa kumpumulisha kwa mkono) yenye barakoa ya saizi yake iwe kitandani, si kabatini.

Vichanga wana mambo yao. Hawarushi viungo kama wakubwa: hutafuna hewa, hukaza macho upande mmoja, hupiga miguu kama waendesha baiskeli. Shika mguu, ukitulia mkononi mwako, huenda ni mtetemo tu. Kwao tunaanza na fenobabitali, 20 kwa kilo, kisha 10 ikibidi, jumla yote isizidi 40. Levetirasetamu inasifiwa sana siku hizi, lakini katika jaribio lililochapishwa 2020 ilizuia degedege kwa saa 24 kwa asilimia 28 ya vichanga, fenobabitali asilimia 80.

Na mama msimfukuze. Wapo wanaoamini kuwa sindano humuua mwenye degedege, ndiyo maana wengine huanza na moshi nyumbani. Sema huku ukifanya kazi: "Mama, hii ni ya kumtuliza, shika mguu wake hapa."

Likikoma, pima malaria. Akiwa bado hana fahamu, kutoa maji ya uti wa mgongo ya kupimia homa ya uti wa mgongo kunaweza kungoja, antibiotiki ya seftriaksoni haingoji.