Ukienda Varanasi, Nenda Kama Unavyokwenda Msibani

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia kwamba anampeleka baba yake Delhi kwa matibabu ya moyo, kwamba kati ya vipimo na siku ya kuonana tena na daktari watakuwa na nafasi, na kwamba anatamani kuifikia Varanasi, mji mtakatifu wa Wahindu ambako maiti huchomwa kando ya mto, ingawa kila aliyemshirikisha amemwambia aachane na wazo hilo. "Dada," aliandika, "niende au nitajutia?" Jibu langu ni kwamba aende, ikiwa mgonjwa ana mtu wa kubaki naye, lakini aende kama anavyokwenda msibani. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu mji ule haujanitoka mpaka leo.

Mimi nilikwenda nikiwa mwanafunzi huko Pune, magharibi mwa India. Wenzangu wa Afrika Mashariki walitumia likizo ya Diwali kwenda Goa kuogelea, na walinicheka waziwazi nilipokata tiketi ya kwenda upande wa pili wa nchi. Safari yenyewe ya treni sitaisimulia, maana ni ndefu na haina la kujifunza zaidi ya uvumilivu. Nitaanzia pale bajaji iliponishusha, kwa kuwa haikuweza kuingia zaidi, nami nikabeba begi langu kupita kwenye vichochoro ambavyo ng'ombe mmoja akisimama, watu wote husimama.

Varanasi, ambayo wenyeji huiita Banaras na waumini huiita Kashi, imejengwa kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Ganges, katika jimbo la Uttar Pradesh. Mto huo, ambao kwa kawaida huelekea kusini-mashariki, hapo hupinda na kutiririka kuelekea kaskazini, na Wahindu huliona jambo hilo kuwa ni dalili ya baraka. Kwenye ukingo kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, makundi 84 kwa hesabu ya wenyeji, kila kundi na jina lake, kuanzia Assi upande wa kusini. Ng'ambo ya mto karibu hakuna kitu isipokuwa mchanga, kwa hiyo jua linapochomoza hakuna jengo la kulizuia, na mwanga wake huwapiga usoni watu wote walioshuka kuoga alfajiri. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: kodisha mashua kabla ya jua kuchomoza, patana bei ukiwa bado nchi kavu, na mlipe mwenye mashua mkisharudi, wala si kabla. Mimi nilipatana mpaka mzee yule akacheka akasema kwamba wanawake wa Afrika ni wagumu kuliko wa Punjab, na sikuona haya kufurahia sifa hiyo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mhindu anaamini kwamba anayefia Kashi hupata ukombozi, yaani hazaliwi tena duniani katika maisha mengine. Kwa sababu hiyo wapo wazee wanaoletwa na watoto wao ili wasubiri kifo hapo, na zipo nyumba maalumu za kuwapokea. Maiti huchomwa kwenye ngazi za Manikarnika na za Harishchandra, na Manikarnika moto hauzimwi usiku wala mchana. Wanaosimamia moto huo ni watu wa jamii ya Dom, ambao katika ngazi za matabaka ya Kihindu wamewekwa chini kabisa, na bado hakuna tajiri wala kuhani anayeweza kumchoma mzazi wake hapo bila kuwapitia wao.

Nilisimama kando, karibu na magogo yaliyopangwa hadi kufikia ghorofa ya pili ya jengo, nikaona mizani kubwa ya chuma inayopimia kuni. Familia moja ilikuwa ikipatana na muuzaji, kwa sababu kuni za sandali ni ghali mno na wengi hununua vipande vichache tu vya kuchanganya na kuni za kawaida. Maiti ilikuwa imeletwa juu ya machela ya mianzi, imefungwa kitambaa cha kung'aa na kuzungushiwa maua ya manjano, na waliobeba walikuwa wakiitikia kwamba jina la mungu Ram ndilo kweli. Waliichovya mtoni kwanza, kisha wakaiweka juu ya kuni. Mtoto wa kiume, aliyenyolewa nywele na kuvaa nguo nyeupe isiyoshonwa, aliuzunguka mwili mara tano kabla ya kuuwasha. Hakuna aliyelia kwa sauti. Wanawake wa familia, kwa desturi, hubaki nyumbani, na mojawapo ya sababu zinazotolewa ni kwamba kilio humzuia marehemu asiondoke. Baada ya saa tatu hivi, kijana yule alirusha chungu cha maji nyuma kupitia begani, kikavunjika, naye akaondoka bila kugeuka.

Pembeni yangu walikuwapo watalii walioinua simu zao. Hapo ndipo ninapotaka kusema bila kuzunguka. Sisi tumelelewa katika misiba. Tunajua kwamba ukifika kwa wafiwa unajifunga kanga, unashusha sauti, unakaa mkekani, unatoa rambirambi yako, na hukai mlangoni ukiuliza marehemu aliugua nini. Siku hizi hata kwetu wapo wanaopiga video makaburini, lakini angalau wao huwa wameitwa na wafiwa. Mtu anayempiga picha mama wa mwenzake akiungua, kwa sababu tu ametoka mbali na amelipa nauli, hana tofauti na mwizi aliyeingia kwenye nyumba yenye huzuni. Weka simu mfukoni. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Simama nyuma, usipite kati ya familia na moto wao, na ukiona inatosha ondoka kimya. Mengine yote nitakayoyasema kuhusu mji huu ni matawi ya hilo.

Palepale Manikarnika nilipatwa na jambo ambalo bado linaniuma. Mwanamume mmoja aliyevaa nadhifu alinifuata akaanza kunieleza taratibu za mazishi kwa heshima kubwa, bila kuombwa, mpaka nikaona nimepata mwalimu. Kisha akanipandisha kwenye jengo moja kukuu na kunionyesha bibi aliyekaa sakafuni, akasema kwamba bibi huyo anasubiri kufa na hana fedha za kuni, na kwamba kila mgeni hununua kilo kadhaa. Nilitoa noti, kwa kuwa sikulelewa kumpita mzee aliyenyoosha mkono. Akaitazama ile noti kama takataka, akataja kiasi ambacho kingenitosha chakula cha mwezi mzima, na nilipokataa akapandisha sauti mbele ya watu akisema kwamba laana itanifuata mimi na wazazi wangu. Nilimjibu kwa Kihindi changu cha sokoni kwamba wazazi wangu wana Mungu wao, nikashuka ngazi. Lakini magoti yalitetemeka hadi nilipofika hotelini, na kilichoniuma hasa si fedha, ni kwamba alimtumia yule bibi kama chambo. Kwa hiyo shika hili: kuni hununuliwa na familia ya marehemu kwa muuzaji wa kuni, kwa kupimwa. Wafiwa hawakusanyi rambirambi kwa wageni wapita njia. Anayekuomba fedha za kuni anajiombea mwenyewe, na anayekuambia "huwezi kusimama hapa, njoo nikuonyeshe mahali pazuri zaidi" ni ndugu yake.

Hekalu kuu, Kashi Vishwanath, ni la mungu Shiva. Lililopo sasa lilijengwa mwaka 1780 na malkia Ahilyabai Holkar wa Indore, na dhahabu iliyofunika kilele chake ilitolewa na Ranjit Singh, mtawala wa Punjab, katika karne ya 19. Ubavuni mwake upo msikiti wa Gyanvapi, wa enzi za Aurangzeb, mfalme Mwislamu wa dola ya Mughal, ambaye mwaka 1669 aliamuru hekalu la awali libomolewe, na mgogoro juu ya kiwanja hicho ungali mahakamani. Utakuta askari wengi. Simu na mikoba haviingii, vyote huachwa kwenye makabati ya kukodi, na mgeni hutakiwa kuonyesha pasipoti. Njia pana ya kutoka hekaluni hadi mtoni ilizinduliwa Desemba 2021 na Waziri Mkuu Narendra Modi, ambaye ndiye mbunge wa mji huo tangu 2014, na ili ipatikane nyumba nyingi za zamani zilivunjwa. Mwenyeji akikuuliza maoni yako kuhusu msikiti au nyumba hizo, mwambie umekuja kusalimia tu.

Kuhusu maji, nitakuwa mfupi. Waumini huoga, huyanywa na huyabeba kwenye vidumu hadi majumbani mwao, na hilo ni lao. Serikali ya India ilianza mpango wa kuusafisha mto mwaka 1986, ikaanza mwingine mkubwa zaidi mwaka 2014, na bado majitaka ya miji huingia humo. Wewe unayerudi kumhudumia mgonjwa wa moyo usichovye hata mkono wenye kidonda. Kaa kwenye ngazi za Dashashwamedh jioni, wakati makuhani wanapoinua taa za moto kuusalimu mto, na uangalie begi lako.

Niliporudi nyumbani kwa mapumziko nilimletea shangazi yangu mtandio wa hariri wa Banaras. Aliukataa mbele ya wageni, akisema umetoka kwa waabudu sanamu na kwamba mimi mwenyewe nilipaswa kuombewa. Nilinyamaza kwa heshima, lakini nilichotaka kumwambia ni kwamba hariri ya Banaras kwa sehemu kubwa hufumwa na Waislamu wa jamii ya Ansari, kwamba Bismillah Khan, aliyepuliza zumari la shehnai hadi dunia nzima ikamsikiliza, alikuwa Mwislamu wa mji huohuo, na kwamba mtu hapotezi imani yake kwa kuwaona wengine wakizika wapendwa wao. Profesa Wangari Maathai alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, kwa usia wake mwenyewe, na Wakenya walimlilia bila kuuliza moto ni wa dini gani. Nawaambia vijana wanaoniandikia kwamba wasiwaruhusu watu ambao hawajavuka hata wilaya yao wawachagulie pa kwenda. Na ukitaka hariri, nenda mwenyewe mtaa wa wafumaji wa Madanpura, usiongozane na dereva wala kijana wa hoteli, maana kamisheni yake itaongezwa kwenye bei yako.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Usikose cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho India hukidai kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na uchanje angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Kati ya Julai na Septemba mto hufurika na kumeza ngazi, mashua husimamishwa. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni na ndege, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi mkesha wa siku ya daktari. Treni ya Vande Bharat kutoka New Delhi huchukua muda wa saa nane hivi na ina hadhi. Kula kachori za asubuhi, ambazo si za viazi kama zetu, onja tambuu kama unaiweza, lakini kabla ya kunywa maziwa mgando uliza kama yametiwa bhang, yaani majani ya bangi yaliyosagwa, kwa sababu huko huuzwa kihalali katika maduka yenye leseni na mwuzaji hatakuonya.

Ukipata siku ya ziada, nenda Sarnath, umbali wa kilomita kumi hivi, mahali Buddha alipotoa mahubiri yake ya kwanza. Pana nyasi, pana kivuli, na baada ya vichochoro vya Kashi masikio yako yatapumzika. Katika makumbusho yake wamo simba wanne wa Mfalme Ashoka ambao leo ni nembo ya taifa la India, wa jiwe lililong'arishwa hadi linateleza kwa macho. Makumbusho hayo hufungwa Ijumaa.