Lugha waliijua, majina ndiyo yaliyowashinda

Wiki hii mmeuliza: je, jamii zinazogombea ardhi zingeelewana kama kila moja ingejifunza lugha ya mwenzake?

Swali hili limenichoma, kwa sababu linaufanya uhasama uonekane ni kukosa kamusi tu. Tazameni Kipro (Cyprus), kisiwa chenye Wagiriki na Waturuki. Waturuki wengi wa kisiwa kile, hasa wazee, walikijua Kigiriki vizuri. Desemba 1963 damu ilimwagika vilevile, jenerali wa Kiingereza akapiga mstari wa penseli ya kijani kwenye ramani ya Nicosia, mji mkuu, na jiji limegawanyika mpaka leo.

Kinachokwamisha ni majina. Ya 1974, jeshi la Uturuki lilipoingia na Wagiriki wakabaki kusini, Waturuki kaskazini, Mgiriki huyaita uvamizi, Mturuki huyaita operesheni ya amani. Ukimwambia Mgiriki umevuka "mpaka", umeshamuudhi, kwani kwake ni kukiri kwamba ng'ambo ile ni nchi. Hata kahawa: ni ileile ya kuchemshwa kwenye mdila mdogo wa mpini mrefu, ila kusini usiagize "ya Kituruki". Mkalimani asiyeyajua haya atatafsiri sawasawa na kikao kitavunjika.

Sasa angalieni habari ya majitaka. Jiji lilipogawanyika, mradi wa mabomba haujakamilika, na mahali pa kuyasafishia pakaangukia kaskazini: Mia Milia kwa Wagiriki, Haspolat kwa Waturuki. Ardhi inateremkia huko, na uchafu hufuata mteremko. Mwaka 1978 Lellos Demetriades, meya wa kusini, na Mustafa Akıncı wa kaskazini wakaanza kukutana chini ya Umoja wa Mataifa. Kikwazo hakikuwa kipenyo cha bomba. Kilikuwa cheo: kumwandika mwenzako "meya" ni kulitambua baraza lake. Ikabidi waandikwe wawakilishi wa jamii mbili za Nicosia. Hapo ndipo mafundi walipoweza kuzungumzia mteremko, mashimo ya ukaguzi na nani azibue wapi. Kufikia 1980 majitaka ya pande zote mbili yalikuwa yakielekea mtambo mmoja.

Nilitaka kuishia hapo, niseme kazi ya pamoja inatosha. Haitoshi. Aprili 2004, mtambo ukiwa na zaidi ya miaka 20 ya kuchangiwa, mpango wa kukiunganisha tena kisiwa ulipigiwa kura: Waturuki asilimia 65 walikubali, Wagiriki asilimia 76 wakakataa.

Tena kuna jambo linalonirudisha kwenu. Waliozaliwa baada ya 1974 hawakukua pamoja. Njia za kuvukia kati ya pande mbili zilipofunguliwa 2003, wengi wao iliwabidi wasemezane kwa Kiingereza, ambacho si cha nyumbani kwa yeyote kati yao. Kwa wazee, basi, jibu langu ni hapana. Kwa vijana hawa nakubali, wafundishwe lugha, ilimradi mwalimu awafundishe pia majina yote mawili ya kila kijiji.